Mihadhara ya Wazi, Ngoma na Maonyesho Chuoni Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametolewa na kamati ya matukio ya chuo. Yanamlenga mtu wa hapa Bagamoyo, awe wa Dunda, Magomeni, Kisutu au Kaole, anayejiuliza kama geti la chuo linamhusu, na pia mgeni anayetoka Dar es Salaam, Tanga au mbali zaidi. Vikundi vya ngoma, wachoraji na wachongaji wasome hasa sehemu ya katikati. Huko ndiko mambo mengi huharibika.

Mimi si mwanafunzi wala sijasoma sana. Naruhusiwa kuingia?

Naam. Mhadhara wa wazi ni wa kila mtu. Getini utaandika jina lako na mtaa unaotoka kwenye daftari, basi. Huhitaji kitambulisho cha chuo, barua ya mwaliko wala suti. Njoo na kanzu, baibui, khanga au fulana yako safi. Safu ya kwanza haikaliwi na wakubwa wa chuo: ni ya wazee, watu wenye ulemavu na wasiosikia vizuri. Wanafunzi wakijaza viti vya mbele kwa sababu wamewahi, mwambie mhudumu aliye mlangoni, watasogezwa.

Kuna kiingilio?

Mihadhara, maonyesho ya picha na mazoezi ya wazi ni bure. Maonyesho ya jukwaani ya usiku huwa na kiingilio, na bei huandikwa kwenye tangazo. Tangazo lisilotaja bei maana yake ni bure. Pesa hupokelewa mlangoni tu na unapewa tiketi palepale. Mtu akikutaka umtumie hela kwa simu ili "akushikie kiti", huyo si wetu.

Mmeandika saa 10. Ni saa 10 ya Kiswahili au ya Kizungu?

Ya Kiswahili, siku zote. Saa 10 jioni ndiyo wageni wanayoiandika 4:00 kwenye barua zao. Swali hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotupotezea watu kuliko mvua. Mtoa mada wa kigeni anayealikwa kwa barua ya Kiingereza husoma namba moja, na mwenyeji anayesoma bango la Kiswahili husoma nyingine. Tofauti yake ni saa 6 kamili. Kwa hiyo kila tangazo letu lina neno baada ya namba: asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Ukiona tangazo lenye namba tupu, limebandikwa bila kupitia kwetu. Uliza kwanza.

Kwa nini mihadhara yote huanza saa 10 na robo? Mbona isianze saa 8 watu waondoke mapema?

Tumebanwa na mambo matatu. Jua la saa 8 mchana mjini hapa halina huruma, na ukumbi wenye bati huwa tanuri. Sala ya alasiri huswaliwa kabla kidogo ya saa 10, na msikiti hauko mbali. Na magharibi huingia kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 45 hivi, kutegemea mwezi. Ukiondoa hayo, unabaki na muda usiofika saa mbili. Tunaanza 10:15, tunafunga kabla ya saa 12:05. Anayetaka kuendelea na mjadala huendelea nje, kwenye mkeka, na mara nyingi huko ndiko mambo mazuri husemwa.

Mwezi wa Ramadhani hatufanyi mhadhara wa jioni kabisa. Machache yanayofanyika huwekwa saa 3 asubuhi au baada ya tarawehe. Ngoma hazipigwi chuoni mwezi huo. Vikundi vinavyotoka mikoa ya bara huwa havijui hili, kwa hiyo tunawaandikia mapema.

Ratiba ya mwaka ikoje? Nataka kujipanga.

Tuna siku tano ambazo tarehe zake hazibadiliki, na mengine yote hupangwa kuzizunguka.

Tarehe 27 Machi ni Siku ya Tamthilia Duniani, inayoadhimishwa tangu 1962. Kwetu huangukia mwanzoni mwa masika, kwa hiyo kila kitu hufanyika ndani. Wanafunzi huonyesha tamthilia fupi, za dakika 20 hadi 30, kisha watazamaji huzichambua mbele ya waigizaji wenyewe. Usiogope kusema kwamba hukuelewa.

Tarehe 29 Aprili ni siku ya kimataifa ya dansi. Masika yamekolea, ardhi ni tope, na kucheza peku nje ni kuteleza. Tunafanya mazoezi ya wazi ukumbini tu: mtu yeyote anaweza kuingia na kufundishwa hatua za kwanza za sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni au bugobogobo ya Wasukuma. Lete khanga ya kufunga kiunoni na maji ya kunywa.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Hapo huwa na mhadhara mmoja kuhusu mji wenyewe, na siku inayofuata matembezi ya kihistoria, mvua ikiruhusu.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ni siku hiyohiyo TANU ilipozaliwa mwaka 1954, yaani Sabasaba, na ni sikukuu ya taifa. Ushairi, ngonjera, hadithi na vitendawili huanza saa 3 asubuhi. Angalizo: siku hiyo ufukwe wa Bagamoyo hujaa watu wa Dar es Salaam na magari huwa ya kugombania. Ukitoka mbali, fika jana yake.

Tarehe 23 Agosti ni kumbukumbu ya biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya uasi wa watumwa wa kisiwa ambacho leo kina nchi ya Haiti, ulioanza usiku wa kuamkia 23 Agosti 1791. Katika mji huu, ambao misafara kutoka Ujiji na Tabora ilikomea, siku hiyo haina haja ya kupambwa. Hakuna ngoma ya furaha. Ni mhadhara, maswali, na matembezi ya kimya hadi pwani.

Tamasha la Bagamoyo ni la chuo chenu?

Hapana. Hilo ni tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kupata jina na hadhi ya sasa mwaka 2007. Tarehe za tamasha hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo zitafute kwao. Wiki ya tamasha sisi hatuandai chochote cha jioni, maana hakuna atakayekuja, na wala hatumlaumu.

Nafikaje?

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 65 hadi 70. Daladala za Bagamoyo hupatikana stendi ya Makumbusho na hupita Mwenge, Tegeta na Bunju. Foleni ya kutoka mjini hadi Tegeta ndiyo inayoamua utafika saa ngapi, kwa hiyo kwa mhadhara wa saa 10 na robo usitoke Makumbusho baada ya saa 7 mchana. Kutoka stendi ya Bagamoyo chukua bajaji au bodaboda, na mkubaliane bei kabla hujapanda.

Kutoka Tanga, muulize kondakta kabla ya kukata tiketi: basi linapita Chalinze au Bagamoyo? Kama linapita Chalinze, shuka Msata, uvuke barabara na upande gari la Bagamoyo. Kipande hicho ni kilomita 64 za lami kupitia Kiwangwa. Wanaopitiliza hadi Dar es Salaam kisha kurudi nyuma hupoteza nusu siku bure.

Kurudi usiku ni shida zaidi kuliko kuja. Magari hupungua sana baada ya isha. Kama onyesho ni la usiku, panga pa kulala.

Mhadhara wenyewe unaendeshwaje?

Mtoa mada ana dakika 40, si zaidi. Zinazobaki ni za maswali. Mgawanyo huu huwaudhi baadhi ya maprofesa, lakini tumeushikilia, maana mtu aliyeacha duka lake Magomeni hakuja kusomewa karatasi ya kurasa 30.

Swali la kwanza hupewa mtu asiye wa chuo. Sababu yake ni rahisi: mwalimu au mwanafunzi akianza, lugha hupanda juu ghafla, na mvuvi aliyekuwa na swali zuri kuhusu pweza au bei ya barafu hulimeza. Akianza mvuvi, wote hujibu kwa lugha yake. Kila muulizaji ana dakika 2. Usiyependa kusimama, andika swali kwenye kikaratasi. Vikaratasi na kalamu huzungushwa kwenye vikapu viwili.

Kinachoharibika mara nyingi ni swali kugeuka hotuba. Kijana hukatizwa kwa kengele. Mzee hakatizwi kwa kengele. Mwongoza mjadala husimama, husogea karibu naye, na akivuta pumzi humwambia, "Ahsante sana mzee wetu, hilo tumelichukua," kisha humrudishia mtoa mada neno. Anayeongoza mjadala kwetu hufundishwa hili kabla ya kufundishwa kutumia kipaza sauti.

Ni kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kiswahili. Mtoa mada asiyekijua hutafsiriwa sentensi kwa sentensi, na hapo dakika 40 huwa 20 za kwake na 20 za mkalimani, kwa hiyo aandae nusu ya alichonacho. Wengi hawaamini mpaka wafike katikati na muda umekwisha.

Wakalimani wa lugha ya alama huletwa ukitoa taarifa siku 7 kabla. Huwa wawili, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa sababu mmoja akiendelea peke yake mikono na akili huchoka na maana huanza kudondoka. Watakaotumia huduma hiyo hukaa kushoto mbele, ambako taa haiwapigi machoni.

Nataka kupendekeza mada. Nifanyeje?

Andika nusu ukurasa, kwa mkono au kwa kompyuta, ulete ofisi ya matukio. Taja jambo lenyewe, nani atalizungumza, na kwa nini mtu wa mji huu aache kazi zake aje kusikiliza. Kamati hukutana mara moja kwa mwezi, na nafasi hujaa miezi miwili mbele.

Mada pana hukataliwa. "Utamaduni na Maendeleo" haimleti mtu. "Jahazi huchongwa vipi na kwa nini kalafati huoza", yaani pamba inayoziba nyufa za chombo, hujaza ukumbi. Makaburi ya Kaole, mashamba ya chumvi, mikoko inayokatwa, dagaa wanaokaushwa juu ya nyavu, maneno ya Kikwere na Kizaramo yaliyoingia Kiswahili cha hapa: yote hayo yana watu wanaoyajua kwa mikono yao. Msemaji si lazima awe na shahada. Fundi akija, tunamwekea mtu wa kumuuliza maswali jukwaani badala ya kumpa karatasi asome. Mafundi wengi wakipewa kipaza sauti peke yao humaliza kwa dakika 6, lakini wakiulizwa na mtu anayejua cha kuuliza, saa nzima haiwatoshi.

Kikundi chetu cha ngoma kinataka kucheza chuoni. Mnahitaji nini?

Barua yenye jina la kikundi, mahali mnapotoka, idadi ya watu, majina ya ngoma mtakazocheza na muda wa kila moja. Ongeza nakala ya usajili wenu wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Kama hamjasajiliwa, anzeni kwa afisa utamaduni wa wilaya yenu. Kibali cha tukio, taarifa ya polisi na barua ya serikali ya mtaa ni kazi yetu, lakini haviwezi kuombwa bila majina yenu kamili.

Kila kikundi hupewa dakika 25. Watu 12 hadi 15 wanatosha jukwaa letu. Zaidi ya hapo wachezaji hugongana na waimbaji husukumwa gizani. Nauli, chakula na posho huandikwa kwenye karatasi moja inayosainiwa na pande zote mbili kabla hamjapanda gari. Tunasisitiza kiongozi asisaini peke yake: mtunza hazina wa kikundi asaini naye. Ugomvi mwingi wa vikundi huanzia kwenye bahasha iliyopokelewa na mtu mmoja.

Kwa nini mnataka ngoma zifike muda wa saa 3 kabla ya onyesho? Sisi tumezoea kushuka garini na kupiga.

Kwa sababu ya ngozi. Ngoma iliyowambwa Dodoma au Singida, ambako hewa ni kavu, ikifika pwani hunywa unyevu, na ngozi hulegea. Mlio unakuwa kama kupiga godoro. Ngozi ya mbuzi, iliyo nyembamba, hulegea upesi lakini pia hukaza upesi. Ya ng'ombe hukawia katika yote mawili.

Dawa ni ileile ya siku zote, moto. Ila moto una taratibu zake. Tumieni nyasi kavu au makuti machache yanayowaka kwa mwali mfupi. Kuni kubwa hutoa joto lisiloshikika. Laza ngoma ubavu, uso wake uelekee motoni kwa umbali wa kama urefu wa mkono, na uizungushe polepole bila kusimama. Gonga ukingo kwanza, kisha kati. Ukingo ukilia vizuri na kati bado pazito, endelea. Kiganja kikishindwa kukaa juu ya ngozi, umepitiliza: iondoe mara moja. Ngozi iliyopashwa kupita kiasi haipasuki motoni. Hupasuka jukwaani, kwenye pigo la tatu au la nne, na hapo hakuna ngoma ya akiba. Mzinga wenyewe nao, ukiwa wa mti ambao haujakauka sawasawa, hupata ufa.

Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 20 kwa kila ngoma. Ukiwa na msondo, vumi na chapuo mbili, tayari umemaliza saa nzima. Na si mara moja tu: jioni upepo wa bahari ukianza, ngozi hulegea tena ndani ya nusu saa. Ndiyo maana tunaweka moto mdogo nyuma ya jukwaa usiku kucha, na mtu mmoja wa kikundi asiye mchezaji hubaki nao. Pembeni yake kuna ndoo mbili, ya mchanga na ya maji. Moto haukokwi kamwe upande upepo unakotoka kuelekea banda la makuti. Wakati wa upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, cheche moja inatosha.

Mvua ikinyesha njiani, funika ngoma kwa nailoni lakini acha chini wazi ipumue. Iliyofungwa kote hutoka jasho.

Na marimba ya mkono, zeze, filimbi?

Hivyo havihitaji moto, ila vinahitaji ukimya. Ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, haisikiki zaidi ya safu ya nne bila kipaza sauti. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi na kufundisha hapa Bagamoyo, aliufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya dunia, na bado chombo chenyewe ni cha kusikilizwa kwa karibu. Tunaweka kipaza sauti kwenye tundu la sanduku, kiasi cha vidole vinne mbali. Kikigusa mbao, kila mguso wa mkono unakuwa radi. Wapigaji wa vyombo hivi huwekwa mwanzo wa programu. Wakifuata baada ya ngoma kubwa, masikio ya watu bado yanavuma.

Kwa nini ngoma husimama katikati?

Adhana. Ikisikika, mpigaji wa kwanza hushusha mikono na wote humfuata. Ikiisha, mnaendelea. Hakuna anayepoteza muda wake kwenye ratiba kwa sababu hiyo.

Tunaweza kufanya onyesho ufukweni jioni? Picha zinapendeza.

Mnaweza, mkiangalia mwezi kwanza. Pwani hii bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye. Siku hizo maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Maana yake, onyesho la saa 10 jioni siku ya bamvua litakuta bahari imekuja kukaa kwenye viti vyenu. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kama dakika 50.

Kwa hiyo chagueni maji mafu, ambapo saa 10 jioni maji huwa yamekupwa na tofauti yake ni ndogo. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana jibu mkononi: karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua, karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Mpangaji anayetazama kalenda ya ukutani tu hujikuta anahamisha spika huku mawimbi yanamlowesha magoti. Na hata siku nzuri, msiweke jenereta wala kiunganishi cha waya juu ya mchanga mtupu. Juu ya ubao, na ubao juu ya matofali.

Umeme ukikatika?

Jenereta huwashwa ndani ya dakika chache, lipo mita 30 nyuma ya ukumbi ili lisimeze sauti. Mtoa mada aje na mada yake kwenye flashi, katika faili la kawaida lisilotegemea intaneti, na awe tayari kuendelea bila picha. Picha zikiwa ndizo mhadhara wenyewe, aseme mapema tuanze na betri.

Mimi ni mchoraji. Nikileta kazi zangu zitatundikwaje?

Inategemea jengo. Ukumbi mpya una kuta za saruji na reli ya kutundikia. Chumba cha maonyesho cha zamani ni cha mawe ya matumbawe na chokaa, na pale misumari ni marufuku. Chokaa hubomoka kama mkate mkavu. Msumari mmoja huondoka na kipande cha ukubwa wa sahani, na kukiziba kwa saruji ni kosa la pili, maana saruji hufungia unyevu na chumvi ndani na ukuta huanza kumenyeka pembeni yake. Tunatumia fremu za mbao zinazosimama zenyewe. Chumba hicho ni chembamba, na wageni hushangaa. Zamani dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulikomea pale boriti ilipokomea, mita 3 au pungufu. Hakiingii watu zaidi ya 25 kwa wakati mmoja.

Picha za mtindo wa tingatinga, zinazochorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, zipewe muda wa kukauka kabla ya kusafirishwa. Joto la pwani huifanya rangi ilainike, na picha mbili zilizolaliana huachana na ngozi zao. Weka karatasi ya nta kati yake, usiweke nailoni. Vinyago vya mpingo visikae karibu na kiyoyozi wala dirisha la jua: mpingo ni mzito na mgumu, lakini hewa ikibadilika ghafla hupasuka kwa urefu.

Kila kazi iwe na kibandiko nyuma chenye jina, mwaka, vipimo kwa sentimita na bei. Usipoandika bei, mteja hataiuliza. Atapita tu.

Naweza kupiga picha na kurekodi?

Mhadhara, ndiyo, bila taa ya kumulika. Ngoma, uliza kiongozi wa kikundi kwanza; wengine huishi kwa nyimbo hizo, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inawalinda. Nyimbo za unyago na jando hazirekodiwi, na mara nyingi hazionyeshwi kwa watu mchanganyiko kabisa. Zikizungumzwa kwenye mhadhara wa kina mama peke yao, simu hubaki mlangoni ndani ya kikapu chenye namba.

Matembezi ya kihistoria yanapita wapi?

Huanzia Caravanserai, walikopumzika wapagazi, hupita Mji Mkongwe na Boma la Wajerumani, kisha pwani kwenye soko la samaki, na kumalizikia misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Ni mwendo wa saa 2 na nusu kwa miguu. Vaa viatu vilivyofungwa, maana vichochoro vina mawe. Kaole iko kama kilomita 5 kusini na huenda peke yake, siku nyingine. Viingilio vya maeneo ya mambo ya kale hulipwa huko huko, havimo kwenye matembezi yetu.

Utaulizwa, na wewe utauliza, jina la mji linatoka wapi. Wengine husema ni "bwaga moyo" ya mpagazi aliyefika na kutua mzigo, wengine ya mtumwa aliyekata tamaa kabla ya kupakiwa chomboni. Waongozaji wetu hutoa yote mawili na hawachagui. Mji uliobeba meno ya tembo na watu kwa njia moja unaweza kubeba maana mbili.

Watoto je?

Wanakaribishwa kwenye ngoma, hadithi na mazoezi ya wazi. Kwenye matembezi ya 23 Agosti, wenye umri wa miaka 12 na kuendelea.

Nitapata cheti cha kuhudhuria?

Hapana.

Kuna chakula?

Chai ya tangawizi, kahawa na kashata huuzwa na kina mama wa mtaa nje ya ukumbi. Njoo na chenji ndogondogo.

Mvua ikinyesha, nitajuaje kama tukio limeahirishwa?

Mhadhara hauahirishwi kwa mvua. Onyesho la nje huamuliwa saa 6 mchana siku hiyohiyo: tangazo hubandikwa getini, na ujumbe hupelekwa kwa wenyeviti wa mitaa na kwa madereva wa bajaji pale stendi, ambao ndio wanaoulizwa kwanza. Likihamishiwa ndani, nafasi ni chache na aliyewahi ndiye aketiye. Tiketi ya onyesho lililofutwa kabisa inarudishiwa pesa mlangoni jioni ileile, au ndani ya siku 3 ofisini. Usiitupe.